Injini Ikishushwa, Tazama Shimo

Injini ya Datsun 240Z ikishashushwa, mwenye gari huniuliza jambo moja kabla ya mengine yote: tuiongeze nguvu kiasi gani? Nimefanya kazi na magari haya hapa Mombasa tangu nikiwa spana boi, na jibu langu halijabadilika. Njoo usimame hapa mbele, boneti imetolewa, rejeta imetolewa, uangalie shimo. Nguvu utaiongeza siku yoyote uitakayo. Kabureta hubadilishwa injini ikiwa mahali pake, bomba la moshi vilevile, hata kemushafti ukipenda. Lakini ule ukuta wa bati unaotenganisha injini na miguu ya dereva, mabomba ya breki yaliyolala juu yake, waya zinazoupenya, mihimili ya chasisi chini ya kikalio cha betri, na oili sili ya nyuma ya krenkshafti, hivyo huvifikii sawasawa mpaka injini itoke. Na injini ya gari la aina hii haishuki kila mwaka. Ikifungwa vizuri, huenda isishuke tena mpaka gari lirithiwe.

Watu wengi wa rika la wazazi wangu walilijua gari hili kabla hawajalikaribia, kwa sababu ya Safari Rally. Nissan ilianza kuliuza Japani mwishoni mwa 1969 kwa jina la Fairlady Z, na mwaka uliofuata likaenda nje likiitwa Datsun 240Z: silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, sisi 2,393, nguvu farasi zipatazo 150 kwa hesabu za kiwanda, na uzito unaozidi tani moja kidogo tu. Pasaka ya 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mbio zilizopita Kenya, Uganda na Tanzania, na Shekhar Mehta akaja wa pili kwa gari kama hilohilo. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye familia yake ilikuwa imetoka huko mwaka mmoja tu nyuma, Idi Amin alipowafukuza Waasia, akashinda akiwa na Lofty Drews. Pointi zake za adhabu zililingana na za Harry Källström aliyekuwa ndani ya Datsun nyingine, ikabidi waamuzi watafute cha kuwatenganisha. Lile gari la 1971, namba 11 mlangoni, Nissan wanalo mpaka leo katika hazina yao ya magari kule Zama, Japani.

Nayataja haya kwa sababu yanahusu kazi yenyewe. Mwaka ule wa 1971 Porsche walikuja na 911 zao, magari mepesi na makali. Datsun zilishinda kwa kufika. Matope, vumbi, mawe na joto viliwamaliza wenzao, zenyewe zikaendelea kwenda. Mtu anayetaka kuliboresha 240Z katika nchi hizi akumbuke lilipatia wapi jina lake.

Gari ninalolisimulia ni la mzee mmoja wa hapa kisiwani, la 1972, lenye giaboksi ya gia tano. Lilikuja kwangu klachi ikiteleza kwenye mpando wa Mazeras, na oili ikidondoka pale giaboksi inapokutana na injini. Dalili hizo mbili zikija pamoja, maana yake ni moja: sili ya nyuma imekufa na oili imeshaingia kwenye klachi pleti. Ungeweza kushusha giaboksi peke yake kwa chini, na mafundi wengi hufanya hivyo ili kazi iishe jioni. Mimi nilimwambia mzee tuitoe injini nzima, na nikamweleza sababu. Akakubali, ila naye alikuwa na lake.

“Maadam inashuka, fundi, si tutie ile ya Patrol?”

Alikuwa na maana ya L28, injini iliyofungwa kwenye baadhi ya Nissan Patrol za miaka ya 80. Wazo hilo si la kupuuzwa. L28 na L24, injini ya gari hili, ni za ukoo mmoja. Bloku zao kwa nje zinafanana, mauntini zinakutana, na ukiipata nzima unaongeza sisi 360 bila kukata bati hata inchi. Sampu na bomba la kunyonyea oili ndivyo vya kulinganishwa kwanza, maana Patrol ni gari refu la juu na Z liko chini. Lakini nilimwomba mzee afungue logibuku. Namba ya injini imeandikwa mle, imepigwa muhuri kwenye bloku, na imerudiwa kwenye kibati kilichopigwa ribiti ndani ya chumba cha injini. Namba hizo tatu zikikubaliana, gari lina ushahidi wake kamili. Ukibadilisha bloku una safari ya NTSA ya kurekebisha maandishi, na kile kibati kitaendelea kusema uongo maisha yake yote. Mwaka 2020 240Z ya 1971 iliuzwa mnadani Marekani kwa dola 310,000, na kilicholipiwa hasa ni kwamba hakuna aliyeichezea. La mzee halitafika huko, lina viraka na historia ya barabara zetu, lakini kanuni ni ileile. Tena mimi binafsi naipenda L24. Mwendo wa pistoni zake ni milimita 73.7, wa L28 ni 79, na ile fupi hupanda mizunguko kwa utamu ambao kubwa haina. Hapo ni suala la sikio, na sikio langu limeshaamua.

Basi tukashusha. Boneti hutoka kwanza, baada ya kuchora mstari kuzunguka bawaba zake ili irudi palepale ilipokuwa. Rejeta, feni, mipira ya maji. Kila waya hufungwa karatasi yenye jina lake kabla haijachomolewa, na kijana wangu hupiga picha kila hatua kwa simu. Propela shafti hufunguliwa nyuma, kebo ya spidi hutolewa, gia liva huchomolewa kutoka ndani ya gari, bomba la moshi huachanishwa na manifoldi. Injini na giaboksi hutoka pamoja kwa cheni bloku, mkia ukiwa umeinama chini sana na pua ikitazama juu. Hapo anahitajika mtu mmoja wa kushika mkia wa giaboksi na mwingine wa kuangalia ukuta wa bati usipigwe. Haraka haina nafasi.

Halafu ndiyo shimo.

Kabla ya kuliosha, nakaa nalo kwanza na tochi. Uchafu una habari. Oili nyeusi iliyokauka upande wa kulia huonyesha gasketi ya kifuniko cha valvu ilivuja kwa miaka; mkwaruzo kwenye bati la ndani huonyesha mauntini ilikuwa imelegea na injini ikicheza; rangi iliyobabuka nyuma ya masta silinda huonyesha maji ya breki yalikuwa yakitoka tone kwa tone na hakuna aliyeyaona, kwani yalikuwa yakishukia pasipoonekana. Ukishapiga maji ya presha na sabuni, habari hizo zimekwenda.

Katika gari hili ugonjwa mkubwa ulikuwa chini ya betri. Betri ya 240Z hukaa kwenye kona ya chumba cha injini, imeegemea ukuta wa bati, na asidi yake kwa miaka hamsini hutiririka palepale. Ongeza hewa ya chumvi ya pwani, ongeza mchanga uliojaa maji ya masika ndani ya mhimili, na bati huoza kutoka ndani kuja nje. Juu rangi inang'aa. Nilichukua nyundo ndogo nikaugonga mhimili kuanzia mbele. Bati zima hujibu kwa sauti kavu inayolia. Lililooza hujibu kwa sauti ya kadibodi. Nilipofika chini ya kikalio cha betri sauti ikafa, na kidole kikazama. Tulikata mpaka pale chuma kilipokuwa cheupe, tukachomelea bati jipya la unene uleule, tukapaka praima, kisha tukapuliza nta ndani ya mhimili kupitia matundu yake ya asili. Kazi hiyo hakuna atakayeiona akifungua boneti. Pale ndipo mkono wa sasipenshini ya mbele unaposukuma gari linapofunga breki, kwa hiyo mhimili uliooza hapo ni hatari kwa roho ya mtu, na hakuna farasi watakaofidia.

Vipira vya ule mkono vilibadilishwa wakati huohuo. Wauzaji siku hizi hukuuzia bushi za plastiki ngumu, za rangi, na huzisifu. Zinafaa sehemu nyingi za gari hili, ikiwa ni pamoja na vishikio vya reki ya usukani, ambapo usukani huwa mkali na wa kweli. Lakini kwenye mkono ule wa mbele usiweke ngumu pande zote mbili. Mkono hupanda na kushuka na gurudumu. Ukibanwa kotekote hukosa pa kupindia, chuma huchoka, na umewahi kukatika kwenye magari ya watu. Upande mmoja uache mpira wa kawaida.

Sasa ile sili. Injini ikiwa kwenye stendi na flaiwili imefunguliwa, sili ya duara unaiona imezunguka nyuma ya krenkshafti. Hiyo kila fundi anaijua. Wasichokijua wengi ni kwamba kwenye kifuniko cha beringi ya mwisho, kila ubavu, kuna mfereji mwembamba uliosimama wima, na ndani yake husukumwa ukanda wa mpira, mmoja kulia, mmoja kushoto. L24 nyingi zinazoendelea kuvuja baada ya kubadilishwa sili huvujia hapo. Ndiyo sababu niliyompa mzee: ukishusha giaboksi peke yake, duara utalibadilisha, lakini hizo za ubavuni hutazigusa, maana lazima sampu ifunguliwe na kifuniko kivutwe. Nacho hakitoki kwa kubembelezwa. Kinahitaji pula yake, ukikigonga kwa nyundo unakiharibu. Mifereji nikishaifuta kwa kitambaa chenye petroli mpaka kitambaa kitoke kisafi, napaka silikoni kidogo kwenye zile kona ambazo kifuniko hukutana na bloku, halafu naushusha mpira polepole kwa dole gumba, na mwisho kwa kijiti butu cha shaba. Bisibisi hutoboa. Mpira ukifika chini husikika ukigoma, na ncha inayobaki juu ya uso wa sampu hukatwa sawasawa kwa wembe.

Kabla ya kutia sili ya duara, pitisha ukucha juu ya krenkshafti pale mdomo wa sili ya zamani ulipokuwa ukisugua. Ukucha ukikwama, kuna mfereji. Sili mpya ukiilaza palepale itavuja tangu siku ya kwanza hata kama ni halisi ya kiwandani. Ilaze milimita moja au mbili mbele au nyuma ya alama ile, mdomo ukamate chuma ambacho hakijaliwa.

Klachi ya gari hili ni ya milimita 225. Ipo ya 240 iliyotoka kwenye Z za baadaye, na inafaa kama flaiwili yake nayo itapatikana. Tulibaki na 225, tukaipeleka flaiwili kwa fundi wa leathi ikasuguliwa, tukatia bushi mpya ya shaba katikati ya mkia wa krenkshafti, ile inayobeba ncha ya shafti ya giaboksi. Vijana wanaojifunza wazingatie kola ya rilizi beringi. Kola hizo zina urefu mbalimbali, na urefu hufuata presha pleti. Ukichanganya kola ya klachi moja na presha pleti ya nyingine, gari litakusanywa lote, injini itarudi, na ukikanyaga pedali klachi haitaachia. Pima kwa kalipa, ya zamani na mpya, zikiwa mezani, vyote vikionekana.

Joto ndilo linaloiua 240Z hapa pwani, na hapo nitakaa kidogo. L24 hunyonya na kutoa moshi upande mmoja. Hewa na petroli huingia kushoto, moshi hutoka kushoto, na kabureta zake mbili zimekaa juu kabisa ya manifoldi ya moshi. Pampu ya petroli inakaa kwenye silinda hedi yenyewe, na bomba linalotoka hapo huzunguka mbele ya injini, jirani na maji ya moto, kabla ya kuzifikia kabureta. Barabarani upepo huchukua joto hilo. Lakini simama kwenye foleni ya feri ya Likoni saa nane mchana, jua la kaskazi, injini ikinguruma bila kwenda: petroli huchemka ndani ya bakuli za kabureta, gari hukohoa, hufa, na halikubali kuwaka mpaka lipoe. Wenye gari hubadilisha pampu, hubadilisha plagi, huchokonoa kabureta. Kabureta haina kosa. Inapikwa.

Injini ikiwa chini unaweza kulishughulikia jambo hili lote kwa pamoja. Manifoldi ya moshi tuliipeleka ikapakwa rangi ya kuhimili joto. Kati yake na kabureta tukatengeneza ngao ya alumini kwa umbo la ile ya asili, pana kidogo, ikiachana na chuma cha moto kwa nafasi ya kidole ili hewa ipite. Bomba la petroli la mbele tukaliinua na kulivika sufi ya kuzuia joto. Halafu tukafungua bomba la kurudisha petroli tangini, ambalo fundi wa zamani alikuwa ameliziba kwa skrubu. Bomba lile kiwanda hakikuliweka kwa pambo; petroli inayozunguka na kurudi haipati muda wa kuchemka. Mipira yote ya petroli ikatupwa, hata iliyoonekana mizima, ikatiwa mipya inayohimili mafuta ya leo. Mpira wa zamani huonekana mzima nje, ukiukunja unaona nyufa.

Rejeta ilikwenda kwa fundi wa rejeta ikaundwa upya kwa safu tatu za vijibomba vya shaba, na ile kava ya plastiki inayoizunguka feni, ambayo magari mengi yameipoteza, tukaitafuta mpaka ikapatikana. Watu hukimbilia feni za umeme. Mimi husema rudisha kwanza kava: bila hiyo feni huvuta hewa ya pembeni, rejeta yenyewe ikabaki na joto lake. Na ukutani, upande wa injini, tukabandika zulia la kuzuia joto, na kila tundu la waya na kebo likapata mpira wake mpya. Matundu hayo ndiyo hupitisha moto, makelele na moshi mpaka kwenye pua ya dereva.

Hedi ilifunguliwa kwa sababu nyingine. Injini hizi zilizaliwa zama za petroli yenye risasi, na risasi ile ilikuwa ikizilinda siti za valvu za moshi zisiliwe. Nchi zetu ziliiondoa. Kufikia mwanzo wa 2006 petroli hiyo ilikuwa imekoma kusini mwa Sahara, na ni jambo jema kwa watoto wetu. Gari la zamani linahitaji siti ngumu za chuma, basi, na wakati wa kuzitia ni huu, hedi ikiwa kwenye mashine. Tulisafisha pia lile bomba jembamba linalonyunyizia oili kemushafti. Lina vitundu vidogo, kimoja kikiziba jino la kemushafti hapo hukauka na kuliwa, na mwenye gari husikia tiki-tiki asijue ni nini. Taimingi cheni, vilalio vyake na tenshona vilibadilishwa vyote. Anayefungua hedi injini ikiwa ndani ya gari akumbuke kuikaba cheni kwa kabari ya mbao kabla ya kutoa gia ya kemushafti, la sivyo tenshona itaruka ndani na kazi ya mchana itageuka ya juma. Valvu tulizirekebisha injini ikiwa na joto: milimita 0.25 za kuvuta, 0.30 za moshi.

Waya za 240Z zina udhaifu wa kuzaliwa nao. Umeme wote wa gari hupitia ameta iliyo kwenye dashibodi. Waya nene hutoka betri na alteneta, hupenya ukuta, huingia kwenye saa ile ndogo, hurudi. Fundo moja likilegea nyuma ya dashibodi, hapo ndipo moto huanzia. Taa kubwa nazo hazina rilei. Umeme wake wote hupita kwenye swichi ya usukani na boksi la fyuzi. Ndiyo maana swichi huungua na taa huwa za njano hafifu hata betri ikiwa mpya. Tulitia rilei mbili karibu na taa, waya mpya nene zenye fyuzi yake, na swichi ya zamani ikabaki na kazi ya kuamrisha tu. Ameta tukairuka, tukaweka voltimita yenye uso unaofanana. Delko ya platini ikapisha ya elektroniki iliyotoka kwenye 280ZX, Z ya baadaye, ya 1979 mpaka 1981, ambayo huingia bila kukata kitu. Ya zamani ilisafishwa, ikapakwa grisi, ikafungwa kwa karatasi, ikaingia sandukuni ikiwa na jina lake. Huo ndio utaratibu wangu kwa kila kinachotoka: hakitupwi, hakiuzwi, kinarudi kwa mwenyewe.

Breki hazidai injini ishuke. Lakini mabomba yake hupita ukutani, na kuyabadilisha shimo likiwa wazi ni kazi ya raha. Hapo wauza spea wa Kirinyaga Road kule Nairobi na wa huku Mombasa wana neema ambayo mwenye Z wa Ulaya anaitafuta kwa tochi. Kalipa za mbele za Toyota Hilux ya magurudumu manne ya mwanzo wa miaka ya 80, zenye pistoni nne, huingia kwenye mguu wa 240Z kwa bolti zilezile, juu ya diski ileile. Kile kibati cha vumbi nyuma ya diski hukatwa au kutolewa, na lazima ujaribishe rimu kwanza, maana baadhi ya rimu za inchi 14 hugusa kalipa. Masta silinda ya milimita 22.2 tukaibadilisha kwa ya 280ZX ya 23.8, ili pedali isizame kwa ule ujazo ulioongezeka. Mzee alitaka pia diski za nyuma. Nikamwomba avumilie na dramu zake, ziwe na breki shuu mpya na zirekebishwe kila mara; gari jepesi namna hii likipewa nguvu nyingi nyuma hugeuka mkia kwenye lami iliyolowa.

Kitu kimoja nilikikataa katakata. Mtu aliyekuja na mzee alipendekeza tutoboe boneti matundu ya kupitishia joto, kama alivyoona kwenye picha. Boneti ya 240Z ndiyo gari lenyewe. Ndefu, safi, na haitengenezwi tena hapa. Joto tulishalimaliza kwa ngao, kava na bomba la kurudisha. Bati lililotobolewa halirudi.

Injini ilirudi kama ilivyotoka, mkia kwanza, mauntini mpya zikiisubiri. Kabla ya kutia delko, shafti inayoizungusha kutoka pampu ya oili lazima ikae sawa: pistoni ya kwanza ikiwa juu kabisa, ufa ulio kichwani mwa shafti usomeke kama mshale wa saa ya ukutani kwenye saa tano na dakika ishirini na tano, ule upande mwembamba ukitazama mbele. Ikikosea jino moja, taimingi haipatikani hata uzungushe delko mpaka mwisho. Kisha plagi zote nje, stata izungushe injini mpaka geji ya oili inyanyuke, ndipo plagi zirudi na petroli iitwe. Mpangilio wa moto ni 1-5-3-6-2-4, na kijana wangu anauimba.

Liliwaka. Tulilipeleka polepole mpaka Mariakani na kurudi, tukaliacha lipoe usiku, asubuhi tukakaza tena nati za manifoldi, kwa sababu gasketi mpya hujilaza ikishaonja joto. Chini ya giaboksi palikuwa pakavu. Mzee alilichukua mwenyewe akaenda nalo Likoni mchana, akasubiri feri na injini ikiwaka, akanipigia simu akiwa ng'ambo.

Kilichobaki ni mpira wa mbele wa difu, ambao umechanika, na ukiachia klachi ghafla unausikia ukigonga chini ya viti. Hiyo ni kazi ya jeki na stendi, injini haihusiki. Mpira umeagizwa, ukifika, atalileta.